Njano Ambayo Msomaji wa Mwisho Hakuiona

Kazi ya Chujio ni kusoma kitu ambacho karibu hakuna mtu mwingine anayekisoma. Ukifungua boksi la dawa, ndani hukosi kukuta kikaratasi kilichokunjwa mara nane, chenye maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Wengi hukitupa kabla hawajameza kidonge cha kwanza. Chujio hukisoma chote, pande zote mbili, mara mbili, kabla hakijachapwa. Cheo chake katika kiwanda hicho cha uchapaji ni msomaji wa mwisho. Jina la Chujio alipewa na mafundi wa mashine, kwa sababu hakuna kinachowafikia bila kupita kwake, na kwa miaka kumi na saba hawakuwahi kuletewa takataka.

Kazi imemharibu kidogo. Mkewe akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, Chujio humtajia dawa sita zinazoweza kuwa zimesababisha, hata kama mama wa watu hajameza chochote tangu mwezi uliopita. Watoto wake wawili, ambao sasa ni watu wazima, walikua wakidhani kila baba duniani husoma maelezo ya kopo la dawa ya mbu kabla ya kupuliza.

Mwaka jana, akiwa na miaka hamsini na miwili, macho yalianza kugoma. Asubuhi yalikuwa mazima. Ikifika saa nane mchana, mistari kwenye skrini ilianza kucheza, machozi yakamtoka bila huzuni yoyote, na nyuma ya paji la uso likawa limekaa jiwe. Ushauri ulimiminika. Mhasibu alisema karoti. Dereva alisema maji baridi, lakini ya mtungini, siyo ya friji. Bosi alisema apunguze mwanga wa skrini, naye akaupunguza mpaka mfanyakazi wa usafi akaja kumwuliza kama umeme umekatika.

"Ofisi hii kila mtu ni daktari wa macho," Chujio alimwambia mkewe, "isipokuwa daktari wa macho."

"Si uende kwa huyo daktari basi."

"Foleni ile inakula siku nzima. Mafaili atasoma nani?"

Aliyemaliza mjadala ni shemeji, mdogo wa mkewe, mwenye kibanda cha kuuza chaja na makava ya simu. Siku moja alikuja na kiboksi cheusi. Ndani mlikuwa na miwani yenye lenzi za rangi ya mafuta ya kupikia yaliyokaangiwa mara mbili.

"Shemeji, hii ni miwani ya kompyuta. Inazuia ile miale ya buluu."

"Miale ya buluu inafanya nini?"

"Inaingia jichoni."

"Ikishaingia?"

"Shemeji na wewe kwa maswali. Vaa."

Alivaa. Kesho yake ofisini skrini ilikuwa imepoa, nyeupe yake imekuwa kama karatasi ya zamani, na saa nane ikapita bila jiwe. Kama macho yalipumzika kweli, au yalifurahi tu kuambiwa kwamba yatapumzika, Chujio hakutaka kuchunguza. Yeye anayechunguza kila nukta ya watu wengine aliliacha hilo lipite.

Utani ulianza hapohapo. "Leo unachomelea geti la nani?" aliuliza dereva. Mhasibu alitaka kujua albamu inatoka lini. Bosi peke yake hakucheka. "Mimi siongei na kioo," alisema, "naongea na macho." Kwa hiyo Chujio akajizoesha: kila anaponyanyuka kwenda chumba cha Bosi, anaivua miwani na kuiacha juu ya meza.

Ili kilichofuata kieleweke, ni lazima kujua rangi za ofisi hiyo. Faili la kikaratasi cha dawa hupangwa na mpanga kurasa, kisha huenda kwa msomaji wa mwisho likiwa na alama za rangi nyuma ya maneno. Nyekundu maana yake ni kwamba neno limesahihishwa. Kijani, mteja amekubali. Njano maana yake tarakimu hii haijathibitishwa, usipitishe. Njano haina maandishi pembeni wala mshale. Ni rangi tu, nyepesi, nyuma ya namba. Msomaji wa mwisho akiridhika hubonyeza "Pitisha", na hapo mfumo hufuta rangi zote, hulifunika faili la zamani kwa jipya, na kulipeleka mashineni. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuonyesha kulikuwa na rangi gani, wala wapi.

Mpanga kurasa anaitwa Bi Haraka. Ni mama wa makamo, mwepesi wa mikono na wa ulimi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Aliwahi kupeleka maelezo ya dawa ya kichwa ndani ya faili la dawa ya kupaka, na Chujio ndiye aliyemkamata. Hadithi hiyo ilikuwa ikisimuliwa kila mwisho wa mwaka, na Bi Haraka mwenyewe alikuwa akiicheka.

Wiki ya nne ya miwani, kiwanda kilichapa vikaratasi vya dawa ya kikohozi ya watoto. Katika mstari wa watoto wa miaka miwili hadi mitano paliandikwa mililita tano. Maboksi yalikuwa bado ghalani, hayajatoka, mfamasia wa kampuni ya dawa alipotuma jibu lake: kipimo sahihi ni mililita mbili na nusu, na je, si aliomba wasubiri?

Hakuna mtoto aliyekunywa kitu. Lakini mzigo mzima ulikuwa wa kutupwa, mteja alikuwa amekasirika, na Bosi aliitisha kikao siku ya Jumanne, watu watatu tu mlango umefungwa.

"Niliweka njano," alisema Bi Haraka. "Mfamasia alinipigia simu asubuhi, akaniambia kile kipimo cha wadogo bado wanakiangalia. Nikaweka njano hata sijakata simu."

Bosi alimgeukia Chujio.

"Haikuwepo," alisema Chujio.

"Kaka, niliiweka kwa mkono wangu huu."

"Dada, huenda ulikusudia kuiweka. Simu zinakatiza watu kazi. Ingekuwepo, ningeiona."

Hakupaza sauti. Watu wanaomfahamu wanasema hilo ndilo lililommaliza Bi Haraka, ule utulivu. Miaka kumi na saba ilikuwa imekaa upande mmoja wa meza, na upande wa pili hadithi ya dawa ya kichwa. Bosi hakuhitaji kufikiri sana. Mkataba wa Bi Haraka ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na hautaongezwa. Barua atapewa Ijumaa saa tisa alasiri.

Bi Haraka hakulia na hakugomba. Alibadilisha utaratibu. Kuanzia Jumatano, kila faili alilompelekea Chujio lilikuja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono, anakibandika mezani kwake bila salamu na kuondoka. Jumatano faili lilikuwa moja, na karatasi ilisema: "Njano hakuna." Alhamisi asubuhi lilikuja faili la dawa ya minyoo. "Njano tatu. Mstari wa 9, wa 17, wa 40. Saa 3:20."

Chujio alifungua faili. Mstari wa tisa ulikuwa mweupe. Wa kumi na saba, mweupe. Wa arobaini, mweupe. Alisoma faili lote kutoka juu hadi chini akitafuta njano, akapata nyekundu mbili na kijani moja.

Alichohisi kwanza, kwa kukiri kwake mwenyewe, ni nafuu. Tangu Jumanne kulikuwa na kitu kinamkwaruza, na sasa huyu hapa mama wa watu, kwa mwandiko wake na saa yake, ameandika njano ambazo hakuziweka. Amekamatika mchana kweupe. Chujio alichukua kile kipande cha karatasi, akasimama kwenda kumwita Bosi, na kwa mazoea akaivua miwani na kuiweka mezani. Kisha akainama mara moja tu, kuhakikisha namba za mistari.

Njano tatu zilikuwa zimekaa pale zilipoandikwa.

Akaivaa miwani. Hakuna. Akaivua. Zipo. Akaivaa tena, safari hii akisogeza uso karibu mpaka pua ikagusa skrini. Hakuna. Alifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mhasibu, aliyekuwa akipita na faili kwapani, alisimama kumtazama.

"Unampigia nani ishara?"

"Hakuna mtu."

"Basi mwambie asubiri, taa bado nyekundu."

Chujio alikaa. Rangi ya lenzi ilikuwa imeifanya nyeupe yote ya skrini kuwa ya njano, na njano nyepesi juu yake ikazama isionekane, kama maziwa yaliyomwagika juu ya shuka jeupe. Nyekundu na kijani, kwa kuwa ni nzito, zilibaki, ndiyo maana hakushtuka hata siku moja. Alifungua orodha yake na kuhesabu. Tangu avae miwani alikuwa amepitisha mafaili thelathini na manne. Kumi na tisa yalikuwa ya dawa za kumeza.

Siku ile hakupitisha faili jingine. Waliouliza aliwaambia kompyuta yake imekuwa nzito.

Nyumbani alimkuta mkewe, ambaye ni mwalimu, akisahihisha madaftari kwenye meza ya sebuleni, na shemeji amekaa kwenye kochi na simu mkononi. Shemeji alikuwa amekuja kwa shughuli maalumu. Alitaka kumpiga Chujio picha akiwa amevaa miwani, aibandike kibandani.

"Wewe ni mtu wa heshima, shemeji. Watu wakikuona wewe, hawaulizi."

"Miwani yako inameza njano."

"Inameza vipi?"

Chujio alieleza. Shemeji alisikiliza vizuri, kichwa kimeinama, kisha akatoa uamuzi.

"Basi hiyo ni orijino. Feki haiwezi kufanya hivyo."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Wewe hebu tupishe kidogo," alimwambia mdogo wake, naye akawapisha mpaka mwisho wa kochi. "Baba, huyo mama anapewa barua lini?"

"Kesho. Saa tisa."

"Na wewe umejua saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne ya asubuhi." Aliitazama saa ya ukutani, ambayo ilisema saa kumi na mbili kasorobo. "Saa zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahakikisha."

"Unahakikisha nini? Kwamba njano ni njano?"

Chujio alisema kwamba jambo si jepesi kama linavyoonekana kutoka sebuleni. Alisema kazi yake yote ni saini yake, na mtu akishasema kwamba aliapa jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kuliona, kesho kutwa nani ataiamini saini hiyo. Alisema pia kwamba Bosi hapendi mambo yaliyokwisha kuamuliwa yafukuliwe. Alizungumza kwa muda.

"Haya yote unaniambia mimi," alisema mkewe, "na mimi siye bosi wako. Hapa umekuja kutafuta mtu wa kukuambia ukae kimya. Umekosea nyumba." Akachukua daftari jingine.

"Lakini picha nitapiga?" aliuliza shemeji kutoka mwisho wa kochi.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi Chujio aliingia kwa Bosi na miwani mkononi. Alieleza kila kitu akiwa amesimama. Bosi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza maji yakivuja kwenye chumba alichokwisha kupiga rangi.

"Umechelewa. Nimeshamwandikia mteja."

"Umemwandikia nini?"

"Kwamba aliyehusika ni mpanga kurasa na hatua zimechukuliwa."

"Zimechukuliwa dhidi ya asiyehusika."

"Chujio, wewe ni mtu mzima. Yule mama hata hivyo..."

"Hata hivyo nini?"

"Ana haraka."

"Ana haraka, ndiyo. Njano aliweka."

"Una ushahidi gani? Rangi zimeshafutika. Labda hakuweka kweli. Labda nyote wawili mmekosea."

"Sina ushahidi kwamba aliweka," alisema Chujio. "Ila wewe ulichonacho dhidi yake ni neno langu tu, na hilo ndilo nimekuja kulichukua."

Bosi alisema hayo ni maneno ya mahakamani. Chujio akaomba dakika mbili. Alilifungua faili la dawa ya minyoo kwenye kompyuta ya Bosi, akazunguka meza, na kabla mkubwa wake hajapata la kusema, akamvisha miwani. Haikumkaa vizuri, maana Bosi ana kichwa kipana.

"Hesabu njano."

"Ziko wapi?"

"Vua."

Bosi alivua. Alitazama skrini, kisha akaivaa tena, peke yake, bila kuombwa. Alipoiweka mezani, aliuliza swali la kwanza la maana tangu asubuhi.

"Na mafaili mengine?"

"Thelathini na manne. Hilo la kikohozi ni mojawapo."

Bosi aliegemea kiti na kufumba macho, kama vile na yeye yameanza kumuuma.

Kabla ya saa sita barua ya Bi Haraka ilikuwa imechanwa, na mteja ameandikiwa nyingine, fupi, ambayo Bosi aliisoma mara tatu kabla ya kuituma. Barua ya onyo alipewa Chujio, ya kwanza katika miaka kumi na saba. Zaidi ya hapo, kwa miezi sita hataruhusiwa kupitisha faili peke yake. Lazima awepo mtu wa pili nyuma yake, na mtu huyo ni mpanga kurasa, ambaye mkataba wake umeongezwa mwaka. Kisha Bosi, kwa kuwa ni Bosi, akaandika tangazo: ni marufuku kuingia ndani ya jengo hilo na miwani ya rangi yoyote. Lilibandikwa mlangoni siku hiyohiyo. Dereva, ambaye hata kompyuta hana, alilazimika kuvua miwani yake ya jua akitoka kwenye mwanga mkali, akajigonga kwenye ngazi, na tangu hapo hamtanii Chujio tena. Anamnunia.

Lakini kabla ya tangazo na ya dereva, Chujio alikwenda kwenye meza ya Bi Haraka. Alimkuta akikunja sweta na kulitia ndani ya mfuko, juu ya kikombe chake. Habari za barua kuchanwa zilikuwa hazijamfikia.

"Dada, ilikuwepo."

"Najua ilikuwepo."

"Ni ile miwani. Nimemwonyesha Bosi, amekubali. Huendi popote. Miwani ile ilikuwa..."

"Miwani haikusema kitu kwenye kikao."

Bi Haraka alilitoa sweta kwenye mfuko, akalitazama, akalirudisha tena, akalitoa.

"Ungesema hukuiona," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hapo, alizungumza polepole. "Ningekuelewa. Mtu anaweza asione. Wewe ulisema haikuwepo. Nikarudi nyumbani siku tatu najiuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwuliza hata mama yangu kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kusahau mapema."

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia." Akavuta kiti chake. "Chai leo usiniite."

Wiki iliyofuata Chujio alikaa kwenye ile foleni ya siku nzima. Mtaalamu wa macho, binti mpole mwenye sauti ya chini, alimpima, akamwuliza maswali mengi, na kumwambia kwamba macho ya umri wake yamechoka kujibana kutazama karibu. Anahitaji lenzi nyeupe za kawaida zilizopimwa kwa umbali wa skrini, asogee nyuma kidogo, atazame mbali kila baada ya muda, na akumbuke kupepesa.

"Kupepesa?"

"Ndiyo, mzee. Mtu akikazia skrini husahau kupepesa."

"Nimekaa kule tangu alfajiri," alimwambia mkewe jioni, "kuambiwa nipepese macho."

"Na umepepesa?"

Kazi ya kuyarudia yale mafaili ilichukua wiki mbili. Kwa kuwa rangi zilishafutika, iliwabidi wachukue kila kipimo kimoja kimoja na kukilinganisha na barua za wateja, na palipokuwa na shaka Bi Haraka alipiga simu. Mbali na ile ya kikohozi, walipata tarakimu tano ambazo hazikuwa zimethibitishwa wakati Chujio alipobonyeza "Pitisha". Nne zilikuwa sahihi kwa bahati. Ya tano ilikuwa ya dawa ya kupaka, mara tatu kwa siku badala ya mara mbili, na vikaratasi vyake viliwahiwa vikiwa bado kwenye gari. Chujio aliiandika kwenye taarifa yake kwanza, juu kabisa, kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa wanafanya kazi hivi. Faili likiwa tayari, Bi Haraka huacha meza yake, huja kusimama nyuma ya kiti cha Chujio, mikono kifuani, na kumwachia alisome lote. Anamwita kaka kama zamani, na chai amerudi kunywa naye, siku mbili kwa wiki au tatu. Akimaliza kusoma humwuliza njano ni ngapi.

"Nne," husema Chujio.

"Hesabu tena."

Anahesabu tena, kidole kwenye skrini, akihema kwa pua kama mtu aliyeambiwa arudi nyumbani kuangalia kama amefunga mlango. Nne. Ndipo Bi Haraka husema ni nne kweli, ataje mistari. Juzi lilikuja faili la dawa ya kiungulia, fupi, ukurasa mmoja. Chujio alilisoma, akasogea nyuma, akapepesa kama alivyoagizwa.

"Ngapi, kaka?"

"Sioni hata moja."

Bi Haraka hakujibu. Chujio alisubiri, akafuta lenzi zake nyeupe kwa ncha ya shati, akarudi mstari wa kwanza na kuanza upya.